Kovu la ekzosi ya pikipiki kwenye kigimbi: lipakwe nini, na jua lizuiweje?

Mwana_Mbagala

Wakuu, salaam. Naomba mwongozo wa hatua na vipimo, siyo "paka asali utapona".

Mhusika ni kijana wa miaka 24, fundi wa madishi na kamera, kutwa yuko juu ya mapaa. Aliungua na ekzosi ya bodaboda kigimbi cha kulia, upande wa ndani. Kidonda kilichukua zaidi ya wiki nne kufunga, na sasa ni wiki ya tatu tangu kifunge. Kovu lina sentimita 5 kwa 4. Katikati ni pinki iliyopauka, ukingoni limezungukwa na weusi mzito kuliko ngozi yake. Usiku linawasha mno, na upande wa juu limeanza kunyanyuka.

Nataka kujua: aanze na nini kati ya jeli ya silikoni, mafuta ya vitamini E na kukanda? Losheni ya jua anunue ya namba ngapi, apake kiasi gani, na mara ngapi kwa mtu anayetoka jasho hivyo? Na huo mnyanyuko ni keloidi au bado mapema kusema?

---

Nesi_Wodi_ya_Moto

Ndugu, jambo kubwa kwenye maelezo yako ni hizo wiki nne. Jeraha la moto likifunga ndani ya wiki mbili, mara nyingi huacha rangi tu. Likivuka wiki tatu, ujue moto ulishuka chini, na kovu lake lina tabia ya kunenepa. Ekzosi ni chuma cha moto kinachogusa ngozi moja kwa moja, kwa hiyo hata kidonda kidogo huwa kirefu kwenda ndani. Asisubiri kuona litakavyokuwa, aanze leo.

Kabla ya yote hakikisha kweli limefunga. Chukua tishu nyeupe kavu, bonyeza juu ya kovu dakika moja. Ikitoka na unyevu, doa la njano au ikinata, bado kuna mahali pako wazi. Hapo hakuna silikoni, hakuna losheni ya jua, hakuna kukanda. Ni Vaseline safi na shashi isiyonata hadi pafunge. Pakiwa pakavu na hakuna gaga, endelea.

Silikoni ndiyo ya kwanza, na inafaa kuelewa inavyofanya kazi ili asiitumie vibaya. Ngozi mpya juu ya kovu bado ni dhaifu, inapoteza maji haraka kuliko ngozi ya kawaida. Seli za chini zinaposikia ukavu huo zinaendelea kumwaga kolajeni, nyuzi zinazojenga ngozi, hata pasipohitajika, ndipo kovu linapoinuka na kuwa gumu. Silikoni inafunika tu, inazuia maji yasitoke. Hainyonywi na ngozi. Ndiyo maana kupaka nyingi ni kuipoteza bure.

Jeli: osha kwa sabuni laini, kausha kabisa, paka utando mwembamba mara mbili kwa siku, asubuhi na usiku. Subiri dakika 4 hadi 5. Ikiwa bado inanata baada ya hapo, umezidisha, futa iliyobaki juu. Ukivaa suruali kabla haijakauka, yote inahamia kwenye kitambaa, na huyo ndiye mtu atakayekuja kusema jeli haifanyi kazi.

Karatasi ya silikoni, ile laini inayonata kwenye ngozi, ni nzuri zaidi kwa kovu linalonyanyuka, lakini kwa mtu wa juu ya mapaa mchana italeta vipele vya jasho. Ningempa jeli mchana na karatasi usiku. Akate ipite ukingo wa kovu kwa sentimita moja kila upande. Siku mbili za kwanza akae nayo saa 4 tu, siku mbili zinazofuata saa 8, halafu alale nayo usiku mzima. Kila asubuhi aioshe kwa sabuni na maji ya vuguvugu, aiache ikauke yenyewe bila kuifuta kwa kitambaa chenye manyoya, airudishe kwenye plastiki yake. Ikishaacha kunata hata baada ya kuoshwa, muda wake umekwisha. Vipele vikitokea apumzishe siku mbili, aanze tena kwa saa chache. Mara nyingi kosa si silikoni, ni sabuni iliyobaki juu yake au jasho lililofungiwa chini.

Muda: miezi miwili hadi mitatu ni kiwango cha chini. Kwa kovu hili ningehesabu sita. Kovu linabadilika kwa mwaka mmoja hadi miaka miwili, kwa hiyo asikate tamaa mwezi wa pili.

Kukanda kunaweza kuanza sasa, wiki ya tatu baada ya kufunga, mara tatu kwa siku, dakika 5 kila mara. Aweke mafuta kidogo sana, ya nazi au Vaseline. Watu wanamwaga mafuta hadi kidole kinateleza, na hapo ngozi haisogei. Kinachotakiwa ni dole gumba kushika kovu na kulisogeza juu ya nyama ya chini: mviringo, juu na chini, kushoto na kulia. Nguvu iwe ya kuona rangi ya pinki inapauka pale unapobonyeza, siyo ya kuumiza. Lengelenge likitoka, asitishe kukanda mahali hapo na asilitumbue. Ngozi mpya haijashikamana vizuri na ya chini, ikisuguliwa ovyo inajitenga.

Baada ya kukanda mafuta yaoshwe kabla ya silikoni kuwekwa. Silikoni haikai juu ya mafuta.

---

DukalaDawa_Kona

Nesi kamaliza upande wake, mimi nichukue jua.

Kwanza nguo. Suruali ya jinzi au kadeti nzito inazuia karibu mionzi yote, haiyeyuki kwa jasho, haihitaji kurudiwa. Fulana nyeupe nyepesi ya pamba haizuii kama jinzi, na ikilowa kinga yake inapungua tena. Kipimo cha mtaani: nyoosha kitambaa mbele ya dirisha lenye mwanga. Ukiona vidole vyako upande wa pili, mionzi nayo inapita. Kovu la kigimbi lina bahati ya kuwa mahali panapofunikika, kwa hiyo losheni ni ya siku za kaptula, mpira, ufukweni, au suruali ikikunjwa. Asiifanye kuwa kinga ya kwanza.

Tukija kwenye losheni yenyewe, SPF 30 (SPF ndiyo namba ya kinga) inapitisha takribani asilimia 3 ya mionzi ya UVB (ile inayobabua ngozi), SPF 50 asilimia 2. Tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kinachoharibu ni kiasi. Namba hiyo ya kwenye chupa inapimwa kwa miligramu 2 kwa kila sentimita moja ya mraba, na watu wengi hupaka robo hadi nusu ya hapo. Ukipaka nusu, SPF 50 yako haiko tena karibu na 50.

Tufanye hesabu ya kovu hili. Sentimita 5 kwa 4, ongeza sentimita 2 kila upande ili weusi wa ukingoni nao ufunikwe, unapata 9 kwa 8, yaani sentimita za mraba 72. Mara miligramu 2 ni kama gramu 0.15. Mstari wa krimu kuanzia ncha ya kidole cha shahada hadi kwenye pingili ya kwanza ni karibu nusu gramu, kwa hiyo anahitaji thuluthi yake kila anapopaka. Akipaka mara nne kwa siku ni gramu 0.6. Tyubu ya mililita 50 itamfikisha zaidi ya miezi miwili na nusu. Nasema hivi kwa sababu wengi wanaogopa bei wakidhani tyubu inaisha wiki moja. Kwa uso na shingo au mwili mzima ndiyo inaisha haraka, kwa kovu moja hapana.

Namba ya SPF inazungumzia UVB tu. Mionzi ya UVA inashuka ndani zaidi na inapita hata kwenye kioo cha gari. Kwenye chupa atafute neno UVA ndani ya duara, au PA yenye alama za kujumlisha tatu na kuendelea. Halafu kuna kitu ambacho wauzaji wengi hawakisemi: ngozi nyeusi inaongezewa weusi hata na mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, ule ambao losheni nyeupe au isiyo na rangi haiuzuii hata ikiwa na SPF 50. Kinachouzuia ni oksidi za chuma, zile zinazoipa losheni rangi ya kahawia. Geuza chupa, soma viambato, tafuta CI 77491, CI 77492 au CI 77499. Zikiwepo, hiyo ndiyo ya kovu lenye ukingo mweusi. Ya rangi pia inaondoa ile kero ya oksidi ya zinki na titani kumwacha mtu mweusi kama aliyetoka kinu cha unga, ambayo ndiyo sababu hasa ya watu wetu kuitupa losheni baada ya siku mbili.

Mpangilio wa asubuhi: jeli ya silikoni, dakika 5 ikauke, kisha losheni juu yake kwa kugongagonga, siyo kusugua, maana ukisugua unaivuruga jeli chini. Dakika 15 hadi 20 ndipo atoke. Arudie kila baada ya saa mbili akiwa juani, na papo hapo kila anapojifuta jasho kwa taulo. Yenye maandishi ya kustahimili maji inahesabiwa dakika 40 au 80 kulingana na ilivyoandikwa, siyo kutwa nzima. Jioni aioshe yote kwa sabuni kabla ya karatasi ya usiku.

Jua kali la kwetu ni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, liko kwenye makali. Mawingu mepesi hayasaidii sana, na ukipanda juu mionzi inaongezeka kwa takribani asilimia 10 kila mita 1,000. Ubaridi wa Nairobi au Mbeya usimdanganye mtu. Fundi wa mapaa akumbuke pia kwamba uso wowote unaong'aa unarudisha mwanga kutoka chini, kwa hiyo kivuli cha kofia hakimalizi kazi.

Na asiiweke chupa kwenye boksi la vifaa juu ya bati. Ikipita nyuzi 30 kwa muda mrefu inaharibika. Ukiona maji yamejitenga na mafuta, tupa, hata kama tarehe haijafika.

---

Bi_Kizimkazi

Mimi nina swali wanangu. Siku zote tunasikia jua la asubuhi linarudisha rangi kwenye kovu jeupe. Na liwa je? Wanawake wa pwani wanaipaka usoni na ngozi haiungui.

---

Ngozi_Makini

Shikamoo bibi. Swali zuri, maana ndilo linalowaharibia wengi.

Rangi kwenye kovu hairudi kwa kuanikwa. Inarudi pale seli zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi, zinapotambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati, na kutoka kwenye vinyweleo vilivyosalimika. Moto ukiwa umeua vinyweleo vyote vya katikati, njia iliyobaki ni ya ukingoni tu, ndiyo maana sehemu za kati huchelewa au hubaki zimepauka daima. Sasa ukilianika kovu, seli za katikati hazipo za kuamshwa. Zinazoamka ni zile za ukingoni, ambazo tayari zimewashwa na uvimbe wa jeraha. Unapata duara jeusi zaidi na katikati palepale, tofauti inaonekana kwa mbali. Na hiyo pinki ya katikati haina melanini ya kutosha kujikinga, inababuka upesi hata kwa mtu mweusi sana.

Hospitali kuna tiba za mwanga kwa baadhi ya magonjwa ya ngozi, lakini ule ni mwanga uliochaguliwa na kupimwa kwa sekunde, hauna uhusiano na kukaa barazani. Na anayeogopa kukosa vitamini D asiwe na wasiwasi: tunafunika sentimita 72 za mraba, mwili wote uliobaki upo.

Liwa ni nzuri kwa urembo na inaleta ubaridi, lakini haina namba ya SPF ya kutegemea, ikikauka inapasuka na kuacha mianya, na chembe za mti zikisuguliwa juu ya ngozi mpya zinakwaruza. Kwenye ngozi nzima, endelea bibi. Kwenye kovu la miezi, hapana.

Hivyo vitamini E alivyouliza mleta mada: vile vidonge vya kutoboa na kupaka havijaonyesha faida. Utafiti uliofanywa Chuo Kikuu cha Miami na kuchapishwa 1999 uliwapakia wagonjwa vitamini E upande mmoja wa kovu na mafuta ya kawaida upande wa pili. Upande wa vitamini E haukuwa bora, na theluthi moja yao walipata vipele vya mzio. Ulikuwa utafiti mdogo, wagonjwa 15, lakini kwa kitu kisichosaidia, hatari ya mzio juu ya kovu linalowasha tayari haina maana. Dondoo ya kitunguu nayo ushahidi wake ni dhaifu. Limao usithubutu: maji yake yakikutana na jua yanaunguza ngozi na kuacha doa jeusi jipya.

---

Mwana_Mbagala

Nimewaelewa sana. Mambo matatu yamebaki. Karatasi ya silikoni huku mtaani haipatikani kirahisi, kuna mbadala wa bei nafuu? Suruali ya jinzi inamsugua hasa pale palipoinuka, afanyeje? Na kuna duka wamemuuzia krimu ya kopo, haina maandishi ya maana, wanasema inafuta kovu ndani ya wiki mbili.

---

Ngozi_Makini

Kopo hilo lisifunguliwe, au likiwa limefunguliwa lisiguse kovu. Kitu kinachofuta weusi ndani ya wiki mbili kwa kawaida ni mkorogo: hidrokwinoni, zebaki au steroidi kali kama klobetasoli, mara nyingine vyote pamoja. Tanzania, Kenya na Rwanda zote zimepiga marufuku vipodozi vyenye hidrokwinoni na zebaki, ndiyo maana kopo halina maandishi. Steroidi kali juu ya ngozi ya wiki tatu inaifanya iwe nyembamba hadi inafunguka upya. Hidrokwinoni ikipakwa miezi bila usimamizi huku mtu yuko juani inaweza kuleta weusi wa kibuluu ambao hautoki. Zebaki inaingia mwilini na kuharibu figo.

Weusi wa ukingoni wenyewe, ukizuiwa jua, kawaida hupungua taratibu kwa miezi 6 hadi 12 bila dawa yoyote. Ukibaki baada ya hapo, daktari wa ngozi anaweza kumpa asidi ya azelaiki ya asilimia 15 hadi 20. Sasa hivi ni mapema, ngozi haijakomaa, itamwasha bure.

---

Fizio_wa_Pwani

Kwenye mbadala wa bei nafuu, nimeona watu wanashauriana plasta ya karatasi, ile ya kahawia ya duka la dawa. Inafaa kweli, lakini kwa kovu la mstari: la upasuaji, la wembe, la nyuzi. Kazi yake kubwa ni kupunguza mvutano wa kingo mbili. Unaibandika kwa urefu juu ya mstari, unaiacha hadi ing'oke yenyewe baada ya siku chache, unabandika nyingine, kwa wiki 6 hadi 12. Kovu la ekzosi ni bapa na pana, halina kingo mbili zinazovutana. Plasta hapa itafunika kidogo, basi. Tena kuing'oa kila siku kwenye ngozi ya moto kunaweza kuondoka na ngozi.

Kwa kigimbi mbadala ninaoupenda ni mgandamizo. Ipo bandeji ya elastiki iliyoshonwa kama bomba, inauzwa kwa mita. Pima mzunguko wa kigimbi mahali penye unene mkubwa, chagua saizi kwa chati ya muuzaji, kata kipande kinachoanzia juu kidogo ya kifundo hadi vidole viwili chini ya goti, halafu uwe na cha pili juu yake kifupi kidogo. Avae hadi saa 23 kwa siku, avue kuoga, kukanda na kupaka jeli. Awe na jozi mbili, moja ifuliwe kwa mkono na kuanikwa kivulini, maana ikianikwa juani au kukamuliwa kwa kusokota elastiki inakufa mapema. Ikishalegea haina kazi tena hata kama bado inaonekana nzima.

Hiyo hiyo inatatua msuguano wa jinzi, kwa sababu suruali itasugua bandeji badala ya kovu. Pia inashusha uvimbe wa mguu jioni na muwasho wa usiku. Tahadhari: vidole vya mguu vikipoa, vikibadilika rangi, au ganzi ikianza, ivuliwe mara moja, imebana. Haivaliwi ikiwa imejikunja, mkunjo unakuwa kamba. Mwenye kisukari kilichofika miguuni au mishipa mibovu ya damu asivae bila kupimwa kwanza. Mwenye selimundu naye awe makini na kovu lolote karibu na kifundo cha mguu, pale panafunguka kirahisi na kugeuka kidonda cha muda mrefu.

Kovu likiwa karibu na nyuma ya goti aongeze kunyoosha: akae sakafuni, mguu umenyooka, vidole vya mguu vivutwe kuja kwake, ashike sekunde 30, mara tano, asubuhi na jioni. Kwa kovu la katikati ya kigimbi hili si la lazima, lakini anayeshinda amechuchumaa juu ya paa halimdhuru.

---

Nesi_Wodi_ya_Moto

Naunga mkono bandeji. Kuhusu muwasho niliruka: kucha ziwe fupi, apige makofi mepesi au kubonyeza badala ya kukuna, kitambaa kilicholoweshwa maji baridi dakika 10 kabla ya kulala. Ikizidi, setirizini (dawa ya mzio) miligramu 10 usiku kwa siku chache. Muwasho mkali wa ghafla pamoja na joto, wekundu unaosambaa au usaha ni habari nyingine, hapo aende kituo cha afya.

Na wanaosoma huku hawajaungua: ekzosi ya pikipiki nyingi ziko kulia, shukeni kushoto. Ukiungua, maji yanayotiririka ya kawaida dakika 20, siyo barafu, siyo dawa ya meno, siyo mafuta ya taa. Maji yanasaidia hata ukiyapata ndani ya saa tatu.

---

Kijiti_cha_Moshi

Ndugu, keloidi haijajibiwa. Na mimi naongeza swali: je, kwa mtu mwenye ualbino utaratibu ni huu huu?

---

Ngozi_Makini

Keloidi na kovu nene hutofautishwa kwa mpaka. Kovu nene linanyanyuka lakini linabaki ndani ya eneo lililoungua. Huanza ndani ya mwezi mmoja au miwili, hukua hadi karibu miezi sita, kisha hutulia polepole kwa mwaka au miwili. Keloidi inavuka mpaka na kuvamia ngozi ambayo haikuguswa na moto, na inaweza kuanza miezi mingi baadaye. Keloidi hupenda masikio, kifua, mabega na taya. Kigimbi si mahali pake pa kawaida. Kwa maelezo yaliyotolewa hapa, wiki ya tatu na mnyanyuko wa upande mmoja, naliona kama kovu nene linaloanza. Kama ana keloidi kwingine mwilini, au wazazi wake wanazo, ningekuwa na shaka zaidi.

Asikadirie kwa macho. Aweke karatasi ya plastiki inayoonyesha juu ya kovu, achore ukingo kwa kalamu ya wino usiofutika, aandike tarehe. Kila mwezi aiweke tena juu. Apige na picha, mwanga uleule wa kivulini, sarafu ileile ikiwa kando kwa kipimo. Ukingo ukivuka mchoro, au unene ukizidi kuongezeka baada ya miezi miwili ya silikoni na mgandamizo, aende kliniki ya ngozi. Huko kinachoanza kawaida ni sindano ya triamsinoloni, aina ya steroidi, ndani ya kovu lenyewe, miligramu 10 hadi 40 kwa mililita, kila wiki 4 hadi 6. Inauma, asidanganywe. Inaweza pia kuacha doa jeupe au kishimo, kwa hiyo dozi ianzie chini. Akikutana na mtu anayetaka kuikata keloidi bila sindano wala tiba nyingine ya kufuatia, akatae. Zikikatwa peke yake nyingi hurudi, na mara nyingi kubwa kuliko zilivyokuwa.

Ualbino: silikoni, kukanda na bandeji ni vilevile. Jua ndilo linalobadilika. Hapo hatuzungumzii rangi ya kovu tena, tunazungumzia saratani ya ngozi, na kinga ni ya mwili wote kila siku: mikono mirefu, suruali, kofia yenye ukingo mpana pande zote, losheni SPF 30 au zaidi kwenye kila panapobaki wazi. Kuna losheni inaitwa Kilisun inayotengenezwa Moshi, hospitali ya KCMC, mahsusi kwa watu wenye ualbino na hugawiwa kupitia kliniki zao. Aulizie kituo kinachohudumia mkoa wake kabla ya kununua ya dukani. Kidonda chochote kisichofunga kwa wiki nne kikaguliwe.

Kwa wote, wenye ualbino na wasio nao: kovu la zamani la moto lililotulia miaka, likifunguka kidonda kisichopona, likatoa harufu au nyama inayoota na kuvuja damu, lichukuliwe kipande kikapimwe maabara. Makovu ya moto huweza kugeuka saratani baada ya miaka mingi, na wagonjwa hufika wamechelewa kwa sababu wanadhani "ni lile kovu langu la zamani".

---

Mwana_Mbagala

Asanteni sana wakuu. Nimeandika hivi, anayeona kosa anirekebishe: asubuhi kuosha, jeli, dakika 5, bandeji mbili, suruali ya kadeti. Losheni yenye CI 77491 akivaa kaptula tu. Jioni kuosha, kukanda dakika 5, kuosha mafuta, karatasi ya silikoni akiipata, la sivyo jeli, kisha bandeji.

---

Fizio_wa_Pwani

Kukanda umeandika mara moja, ni mara tatu. Ya mchana afanye wakati wa chakula: avue bandeji, akande dakika 5, aifute ngozi kwa kitambaa chenye maji, arudishe jeli na bandeji. Na akilala na karatasi ya silikoni, bandeji ya juu iwe moja, siyo mbili. Silikoni chini ya tabaka mbili usiku wa joto la Dar itampa vipele kabla ya wiki kuisha.

---

DukalaDawa_Kona

Akivaa kaptula, losheni juu ya jeli na bandeji avue. Losheni iliyopakwa chini ya bandeji inanyonywa na kitambaa na kuua elastiki.